Usufi Tumboni mwa Udi

Mwaka wa sitini na mbili Likoni ilikuwa na mazungumzo mawili tu. Wanaume barazani walizungumza Mwambao, kama pwani itakwenda na Kenya au itabaki na Sultani, na kila mmoja alikuwa na hakika yake na ya jirani yake haitaki. Sisi wanawake tulimzungumza Mwanarusi, aliyekuwa akienda Unguja kwa ndege, yeye na udi wake wa nyuzi. Nawaambia, kufika Jumatano hata wale wa barazani walikuwa wameuweka Mwambao kando, wanasimama mlangoni petu kuuliza ndege yenyewe inaondoka saa ngapi.

Mwanarusi mke wa Boga, kama humjui, mimi nitakujulisha, maana nyumba yangu na yao zimeshikana ukuta na hakuna kikohozi cha kule nisichokisikia huku. Ni mwanamke mrefu, mikono yake imetulia, ulimi haujatulia. Mumewe ni seremala. Mchana Boga alitengeneza milango na madirisha ya watu, na mbao nzuri zilizosalia alizifanya udi. Akimaliza mmoja humpa mkewe ajaribu kama unalia sawasawa. Kujaribu huko ndiko kulikomfunza Mwanarusi, hadi ikawa mume anamaliza kuchonga, mke hataki kurudisha.

Sasa sikiza kwa nini alitakwa. Harusi zetu, siku ya kumtoa bibi harusi, wanawake hujifungia peke yao, mabuibui yametundikwa, asumini zimejaa vichwani. Wakitaka udi iliwalazimu kuita wanaume, na wanaume wakae nyuma ya pazia, na pazia lile, wallahi, halikuwahi kukosa tundu. Udi wa Mwanarusi haukuhitaji pazia. Alikaa katikati ya wenziwe, kichwa wazi kama wao, akapiga huku anamwona bibi harusi kwa macho yake, na akiona shughuli imepoa mahali, anaichochea. Kutoka Likoni hadi Jomvu Kuu, mwenye binti wa kuoza alimuuliza Mwanarusi nafasi yake kabla hajamuuliza mpishi.

Habari hizo zikavuka maji. Binamu yake aliyeolewa Ng'ambo, huko Unguja, alikuwa akimwoza bintiye siku ya Ijumaa, naye akataka udi usio na pazia. Wenziwe wa kule wakamcheka. Wakasema mwanamke wa Likoni atapiga nini zaidi ya makofi. Binamu mtu akapandwa na mori, akasema mbele ya kadamnasi kwamba Mwanarusi atakuja na udi wake utalia, na usipolia basi wao walete wapigaji wao na pazia lao, na Mwanarusi atakwenda jikoni kukuna nazi pamoja na wapishi. Alipokwisha kusema hivyo, akatuma tikiti ya ndege.

Ndege, kwa sababu ya yaliyotokea melini. Udi wa kwanza wa Mwanarusi ulipanda meli kwenda Lamu, umefungwa vizuri kwa shuka, na mama mmoja mwenye mwili wake, Mungu amzidishie, akaukalia akidhani ni mto. Boga alirudishiwa zile mbao. Alizitia motoni akachemshia kahawa, akaanza kuchonga mwingine. Huu wa pili ndio uliokuwa bora kuliko zote alizopata kutengeneza. Mgongo wake mbao nyeusi na nyeupe zimepishana, uso wake mwembamba hata ukiushika juani unaona kivuli cha kidole, tundu kubwa la kati limezibwa kwa nakshi, na matundu mawili madogo ya kando yako wazi. Wa tatu kama huo hakuwa nao.

Jumatano alasiri nyumba ya Mwanarusi ilijaa mpaka uani. Sijui nani alialikwa na nani hakualikwa. Mimi sikualikwa na nilikuwa wa kwanza. Kila aliyeingia alikuja na kifurushi cha kupelekewa mtu wake Unguja na shauri la kusafiri kwa ndege, ingawa mle ndani hapakuwa na mtu aliyewahi kuipanda. Mmoja alisema usile kitu. Mwengine akasema kula ushibe. Mwengine akasema masikio huziba, utie pamba. Mwanarusi alivipokea vifurushi vyote akavipanga, mashauri akayajibu moja moja.

"Na udi je?" nikamuuliza. "Utauweka wapi?"

"Pajani, Dhahabu. Boga alitaka kuuchongea sanduku, nikamkataza. Sanduku litatiwa chini na mizigo. Mimi sitaki kukaliwa mara mbili."

Boga alikuwa akilegeza nyuzi kwa taratibu, kigingi baada ya kigingi, zisije zikauvuta uso wa udi njiani. "Huo mwembamba," akasema. "Msiuguse mpaka ufike. Mwanarusi atazikaza mwenyewe huko huko."

Hapo ndipo Kitsao alipotia neno lake. Kitsao ni Mgiriama wa kule Mwakirunge, dereva wa lori la nazi, na ndiye aliyejitolea kutupeleka uwanja wa ndege. Ni mtu mzuri sana isipokuwa haachi nafasi ipite kimya.

"Mimi niliwahi kupeleka mikebe ya samli bara," akasema. "Huku chini imetulia. Kufika kule milimani, vifuniko vimevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mmoja ukapasuka. Kitu chenye tumbo tupu kikipanda juu, hewa inakifurisha. Na hilo ni lori tu, mama zangu. Ndege je?"

"Mikebe ilizibwa, Kitsao," Mwanarusi akamjibu. "Udi una matundu. Utapumua."

"Mimi nasema nilichokiona."

Watu wakacheka, mazungumzo yakaendelea. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Bi Mwanasaumu.

Bi Mwanasaumu ni shangazi yake Mwanarusi, mshonaji wa magodoro na mito. Hapana mtu aliyelala kwa raha upande wetu wa feri ambaye kichwa chake hakikulalia mto wa Bi Mwanasaumu. Usufi ulikuwa maisha yake. Utauona nyweleni mwake, nyusini, hata kwenye chai ukienda kwake. Mkono wake ukiingia kwenye mto hutoka umejua panapokosa. Na kwake yeye kitu kitupu ni kitu ambacho hakijaisha. Alikuwa ameshona mfuko wa kitambaa cha marekani kwa ajili ya udi, umejazwa usufi pande zote kama godoro la mtoto, na kila aliyeubonyeza alimsifu. Lakini tangu Kitsao aseme maneno yale alikuwa amenyamaza, anautazama udi kwa lile jicho lake la kutazamia mito. Bi Mwanasaumu akinyamaza, jua kazi imeanza.

Asubuhi, baada ya sala, Mwanarusi alipokuwa akioga, Bi Mwanasaumu alisema anaingia chumbani kuushona mdomo wa mfuko ili udi usichomoke. Alikaa humo kitambo. Nilimsikia kupitia ukutani akiimba kama aimbavyo akiwa na kazi ya haraka. Alipotoka, mfuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi maradufu, naye ana uso wa mtu aliyempumzisha mwenziwe na mzigo.

Tukapanda lori. Mtaa mzima, wallahi. Mwanarusi alikaa mbele na Kitsao, udi umekumbatiwa. Boga na sisi wengine tulikuwa nyuma, tunaimba na kupiga makofi. Kwenye feri watu waliuliza ni harusi ya nani, tukawaambia ni ya udi. Kisiwani tukapita tunaimba, Makupa tunaimba, na Changamwe, pale lori linapokata kuelekea uwanja wa ndege wa Port Reitz, sauti zilikuwa zimekauka lakini hapana aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.

Uwanja wenyewe wakati huo ulikuwa nyumba ndogo nyeupe yenye baraza, majani yaliyokatwa vizuri, na nje yake ndege moja ya fedha imeinua pua kama inanusa. Abiria walikuwa wameketi kimya, Wazungu wawili watatu, Mhindi mmoja na mkewe. Sisi tukashuka.

Karani aliyetoka kutupokea alikuwa kijana wa Ribe, sare imepigwa pasi ikasimama, jina lake Nicanor. Alitutazama, akalitazama lori, akatutazama tena.

"Shikamooni mama zangu. Wanaosafiri ni nani?"

"Marahaba. Ni mmoja," nikamjibu.

"Na hawa wote?"

"Wanamsindikiza."

"Hata huyu mwenye sinia?"

"Hiyo ni mikate ya sinia. Akichelewa kuondoka tutakula nini?"

Nicanor akameza cheko. Akatuonyesha majani, tukakaa. Mwanarusi akasimama kwenye mizani, vifurushi vya watu vikapimwa, vikapita. Nicanor akanyoosha mkono kuupokea mfuko.

"Huu hauondoki mkononi mwangu," Mwanarusi akasema.

"Ni nini?"

"Udi. Kesho alasiri naupiga harusini Unguja."

"Mizigo yote inakwenda chini, mama. Anayepakatwa ni mtoto tu."

"Basi nihesabie kuwa ni mtoto. Huu nao ukianguka unalia."

"Ukianguka ndio utakuwa mwisho wa kulia kwake," akasema Nicanor, na hapo tukajua si mtu wa kubabaishwa kwa maneno. Lakini hakuwa mbaya. Alifikiri kidogo. "Kama kweli ni ala ya muziki na ni nyepesi, nitamwomba rubani ukae nao. Ila lazima niuone. Mwezi uliopita alipita mtu hapa na ngoma nzuri, ngozi mpya. Tumboni mwake mlikuwa na saa za mkono za magendo. Tangu hapo kila chenye tumbo nakifungua."

Mwanarusi akakata uzi kwa meno, akautoa udi. Jua likauangukia mgongo wake, na hata yule Mhindi akainuka kuutazama. Nicanor akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Akaugeuza. Akaugonga mgongoni kwa kidole, kidogo tu. Akaugonga tena. Kisha akaupeleka jichoni, akachungulia kwenye kitundu cha kando, na kwa kucha akavuta kitu cheupe, chembamba kama moshi.

"Mama, humu ndani mna kitu."

"Hamna kitu."

"Basi upige nisikie."

Mwanarusi aliketi kwenye ngazi ya baraza, akakaza uzi mmoja, wa pili, akatoa risha yake ya kupigia kwenye ukaya wa kichwani. Akapiga. Mimi nimeusikia udi ule ukutani siku zote za Mungu, nimepika kwa sauti yake na nimelala kwa sauti yake. Kilichotoka pale ni mlio wa mtu anayegonga gunia la unga. Akapiga tena kwa nguvu, gunia likajibu vile vile. Boga akasimama. Uso wake uliniumiza kuutazama.

Mwanarusi aliulaza udi pajani. Alipeleka kidole kwenye kitundu, akavuta ule weupe, akausugua baina ya vidole. Kisha akageuza shingo taratibu.

"Shangazi."

"Abee, mwanangu," Bi Mwanasaumu akaitika kutoka kwenye majani, ameketi wima kama mtu anayengoja kushukuriwa.

"Udi wangu umetiwa usufi."

"Umetiwa, na umetiwa vizuri. Nimeupitisha kwa kijiti kidogo kidogo mpaka kwenye pembe. Sasa hata hiyo ndege ipande mbinguni, hapana hewa ya kuufurisha."

Watu wote wakamgeukia Kitsao, naye akawa anautazama mpira wa lori lake kama hajawahi kuuona.

"Shangazi," Boga akasema, na alisema polepole sana, "sauti hukaa pale palipo patupu."

"Ungeniambia hivyo mapema. Jana ulisema mwembamba, nami nikaona mwembamba unataka kusaidiwa."

Nicanor aliweka udi juu ya meza yake. Alisema anaamini ni usufi, lakini yeye ameona nyuzi mbili tu za usufi. Chini ya huo usufi kuna nini hajui, wala Mwanarusi hajui, kwa kuwa hakuutia yeye. Kitu kisichojulikana hakikai na abiria. Kikiwa kitupu na kikilia, atakwenda mwenyewe kwa rubani. Vinginevyo ubaki, au uende chini na mizigo, na mizigo ya leo ina mashine ya kusaga. Kisha akanyoosha kidole. Kando ya ndege gari la mafuta lilikuwa limesimama na mpira wake umeingizwa bawani.

"Ikimaliza kunywa, inaondoka," akasema. "Hiyo sina amri nayo."

Nilimwona Mwanarusi akilitazama lile gari. Nilijua anachokiona: jiko la Ng'ambo, mbuzi ya kukunia nazi, na kutoka ukumbini sauti ya udi wa mwanamume nyuma ya pazia, na wale waliosema makofi wanampigia makofi. Boga akasema ataubandua uso wa udi kwa kisu, kisha akasema hapana, gundi yake inataka siku mbili kushika. Mtu akasema tutikise. Mwengine akasema tutie maji, naye akanyamazishwa asirudie.

Bi Mwanasaumu akainuka. Akajipangusa majani kwenye leso, akaja barazani, akamwondoa Boga njiani kwa bega.

"Mnapiga kelele kama niliutia zege. Mto ukiharibika nautoa usufi wake kwa tundu la sindano, sipasui hata mshono. Nilitia mimi, nitatoa mimi. Wee kijana mwenye sare, fagio lenu hapa ni la nini?"

"La chelewa, mama."

"Lete."

Nicanor alilileta mwenyewe. Bi Mwanasaumu akachomoa njiti za ukuti zilizo ndefu na nyembamba, akazikwaruza kwa ukucha mpaka zikawa na miiba midogo kama ya uti wa samaki. Akaingiza moja kwenye kitundu, akaizungusha baina ya vidole, haraka, kama mtu anayesokota uzi. Alipoivuta, ilitoka imevaa usufi kama kilemba. Akanipa. "Ivue, Dhahabu, unirudishie. Na nyinyi mnaosindikiza, kazi ya kusindikiza ndiyo hii."

Basi ikawa kazi. Kitundu cha kulia Bi Mwanasaumu, cha kushoto Mwanarusi mwenyewe, shangazi anamwelekeza, "Usichimbe, zungusha, usufi hauogopi nguvu, unapenda kubembelezwa." Boga aliushika udi kwa mikono miwili, ameufunga mwili wake kuuzunguka ili uso usibonyee. Sisi wengine tulikaa mistari, njiti zenye usufi zinatujia, tunazivua, tunazirudisha. Upepo ukaingia. Usufi ukapaa juu ya majani, ukakaa kwenye nywele, kwenye mikate ya sinia, kwenye kofia ya Mzungu mmoja aliyekuwa akisoma gazeti. Mke wa yule Mhindi akaacha kiti chake akaja kukaa kati yetu. Akashika njiti bila kuuliza, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wengi wetu.

"Kitsao," mtu akaita, "hebu tuambie tena habari za mikebe."

"Mimi dereva tu," Kitsao akasema.

"Jana ulikuwa profesa wa hewa."

Kila mara nilipoinua macho, ule mpira wa mafuta ulikuwa bado bawani. Kisha nikainua macho, nikaona mtu anauzungusha kuuondoa.

"Wameuondoa," nikasema.

"Na mimi nimefika mwisho," Bi Mwanasaumu akajibu, hakuinua kichwa. Njiti yake ikatoka na usufi mdogo, ikaingia ikatoka kavu. Akaugonga mgongo wa udi kwa kifundo cha kidole, na hata mimi niliyetoka shule ya barabarani nikasikia kwamba ndani mmefunguka. "Kuna kidonge kimoja kimenata kwenye gundi ya Boga, chini kabisa. Hicho hakitoki. Boga hufanya kazi ya kudumu."

Nicanor akauchukua, akauweka juani, akachungulia kila kitundu. Akautikisa. Hapana kilichogonga. "Ni mtupu," akasema. "Sasa ulie."

Mtu wa ndege alikuwa akiwapanga abiria. Mwanarusi hakuharakisha. Ndivyo alivyo; ukimtia moto miguuni atauliza kwanza kiatu chake kiko wapi. Alikaa ngazini, akakaza nyuzi moja moja, sikio limelazwa juu ya shingo ya udi. Injini moja ya ndege ikawaka, ikanguruma, na sote tukashika vichwa: sasa ataisikiaje sauti. Yeye akatabasamu. Akaachia uzi mnene, akaukaza kidogo, akaukaza tena, mpaka ngurumo ya ile injini na mlio wa uzi zikawa kitu kimoja, na kutoka hapo akaziweka nyingine zote. Ndege yenyewe ndiyo iliyompa sauti ya kuanzia.

Kisha akapiga. Akapiga ule mwendo wa kumtoa bibi harusi, mlango unapofunguliwa na watu wote wanageuka. Na sisi tukageuka kweli, kama kuna mtu anatoka. Vigelegele vilianza upande wa lori vikaja mpaka barazani. Yule Mzungu aliweka gazeti chini, usufi ukiwa bado kwenye kofia yake. Boga alikuwa ametazama chini, anatikisa kichwa kidogo kidogo, na nilijua anasikiliza mahali fulani mule ndani, kwenye kile kidonge.

Nicanor alingoja mpaka mkono wa Mwanarusi ukasimama. Halafu akauchukua mfuko wa marekani, akautia udi ndani yake kwa mikono yake mwenyewe, akatangulia kwenda kwa rubani. Tulimwona akieleza, anaonyesha paja lake, anaonyesha kwetu. Rubani alitutazama. Nafikiri aliona lori zima la wanawake, akapima mambo. Akaitikia kwa kichwa.

"Mama, pakata mtoto wako," Nicanor akasema.

Mwanarusi aliagana na shangazi yake na mumewe, akapanda. Alivyokaa dirishani tuliona kwanza shingo ya udi, ndipo tukaona uso wake. Ndege ilipokimbia na kuinuka, Bi Mwanasaumu aliifuata kwa macho mpaka ikawa ndogo. "Wala haukupasuka," akasema, kana kwamba ni yeye aliyeuzuia. Tukala mikate tukipuliza usufi.

Mwanarusi alirudi wiki iliyofuata, na nyumba ikajaa tena, safari hii sikuacha hata wa mlangoni anitangulie. Akatueleza kwamba njia nzima udi ulikuwa ukinguruma wenyewe pajani mwake, ule uzi mnene ukiitikiana na injini, kama paka aliyeshiba. Kwamba alipoketi katikati ya wanawake wa Ng'ambo na kichwa wazi, wale waliocheka walikuwa wamejipanga mstari wa mbele wasikose aibu yake. Na kwamba alipoachia uzi wa kwanza, mmoja wao alishusha kikombe bila kunywa.

"Walisema hawajapata kusikia udi wenye sauti hiyo," akatuambia. "Si kubwa. Laini, ya karibu, kama mtu amekuwekea mdomo sikioni. Wakaniuliza fundi ametia nini."

"Ukawaambiaje?" Boga akauliza.

"Nikawaambia ni siri ya ukoo."

Jikoni alikwenda, lakini ni kuonja pilau. Na kabla hajaondoka alikuwa amekwisha kuahidiwa harusi mbili nyingine.

Kazi ilimjia Boga kutokana na safari hiyo. Mwanamke wa Kisauni alivuka akataka udi kwa ajili ya bintiye, na akautaka wenye sauti ile ile ya Unguja. Boga akachonga, akautengeneza kwa ufundi wake wote, mbao zile zile, gundi ile ile. Mwanarusi akaupiga. Ulikuwa mzuri, ukilia wazi kama kengele. Mwanamke wa Kisauni akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzuri. Lakini sio."

Boga alikaa nao siku kadhaa. Nilimsikia ukutani anaugonga, anauweka chini, anauchukua tena. Jioni moja alivaa kofia, akaufunga udi kwa shuka, akatoka bila kumwambia mkewe. Mimi nilikuwa na haja ya mto mpya, haja iliyonijia papo hapo, kwa hiyo nikafika kwa Bi Mwanasaumu nyuma yake tu.

Bi Mwanasaumu alikuwa amekaa katikati ya magunia yake, mweupe mpaka nyusini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Boga. Umekuja kununua godoro?"

"Hapana." Akaufungua udi, akauweka mbele yake pamoja na kopo la gundi. "Tia kidogo."

"Kidogo cha nani, chako au changu?"

"Chako."

Hakumcheka, ingawa angeweza, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia. Alichukua usufi kwa vidole viwili, akauviringisha, akaupunguza, akaupima kwa kuupuliza. Akaupaka gundi ya Boga, akaupitisha kwenye kitundu cha kando kwa njiti ya chelewa, taratibu, mpaka chini kabisa. Akaungoja unate. Kisha akaugonga mgongo kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akamrudishia.

"Sasa umekwisha," akasema.